Nimebadilisha mabomba yote ya maji kwenye gari-nyumba letu: mpira wa nyuzi naupa nyota nne

Kilichotuamsha ni pampu. Saa nane za usiku, tumelala ndani ya gari chini ya mwembe wetu hapa Chumbageni, tunajipima kabla ya safari ya Lushoto. Mabomba yote yamefungwa, mara pampu inanguruma sekunde mbili, inanyamaza. Baada ya dakika kumi, tena. Mume wangu akasema ni panya. Nikamwambia panya hana volti 12. Pampu za magari haya zina swichi inayohisi presha: presha ikifika juu inazima, ikishuka inawasha. Ikiwaka na hakuna aliyefungua maji, ujue yanatoka mahali.

Asubuhi nikafungua kabati la chini ya sinki. Chapachapa.

Gari lenyewe ni Toyota Camroad ya mwaka 1999, lile la Kijapani lenye nyumba mgongoni. Watoto wa mtaani wanaliita gesti ya magurudumu. Tulilinunua tulipostaafu, na mipira yake ya maji ilikuwa ileile ya tangu Japani. Zamani ilikuwa ya kupitisha mwanga, sasa ina rangi ya chai ya mkandaa. Nilipoupinda mmoja kidogo tu, ukakatika ka! mkononi kama ukuni.

Kosa langu lilikuwa kubadilisha kipande. Fundi wa kwanza alikata nusu mita, akaunga mpira wa kumwagilia bustani, akakaza kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Elfu kumi na tano. Wiki ileile ukapasuka upande wa choo. Akaja, akaunga. Ukapasuka nyuma ya bafu. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, lakini sikujua na viraka vya bomba vimo. Isitoshe, chai yote tuliyopika kwa maji yale ilikuwa na ladha ya ndara mpya.

Mpira wa PVC unakuwa laini kwa sababu umechanganywa na kilainishi, na joto hukiondoa polepole mwaka hadi mwaka. Gari lililofungwa madirisha kwenye jua la Tanga ni tanuri. Mume wangu alisingizia maji, nikamkatalia: maji yetu yanatoka bwawa la Mabayani, ni maji matamu, na mipira ya nyumbani iko kivulini na haijafanya hivyo. Mipira ya gari ina umri mmoja na imeiva pamoja. Ukiunga mzima na mbovu, presha ni ileile kote, na mbovu wa jirani ndio unaofuata kupasuka.

Fundi wa pili alikuwa shabiki wa PPR, yale mabomba magumu yanayounganishwa kwa kuyeyushwa na mashine. Nyumbani ninayo na sina neno nayo. Kwenye gari ni habari nyingine. Bodi inajipinda kila shimo, bomba halijipindi, na kinachoumia ni nyuzi za plastiki za mdomo wa pampu, pale bomba linapokazwa. Halafu ile mashine ya kuchomea haiingii kabatini. Akasema atachomea nje kisha tuingize. Tukapima. Bomba halikuweza kuzunguka nundu ya tairi. Tukaagana vizuri.

Nilichonunua mwishowe ni mpira wa PVC wenye wavu wa nyuzi ndani yake, wa nusu inchi, kutoka duka moja la Ngamiani. Mita 14 kwa elfu tatu kila mita. Muuzaji alikuwa na roli mbili zinazofanana, bei tofauti kwa mia tano. Moja ilikuwa imeandikwa ubavuni kuwa ni ya maji ya kunywa, nyingine haina maandishi yoyote na ukiinusa unarudi kwenye zile ndara. Nendeni na pua ya pampu mkononi mpime pale pale dukani, msikubali "utaingia tu, mama".

Upande wa maji ya moto sikuweka mpira huo, maana PVC hulegea ikipata moto. Watu wananicheka: Tanga nani anaoga maji ya moto? Nawaambia waje Lushoto mwezi wa saba. Upande huo wa moto nimeweka mita tatu za PEX, bomba la plastiki linalovumilia maji ya moto, nilizoagiza Dar pamoja na viungio vyake vya shaba. Hesabu yote, pamoja na klipu 22 za chuma kisichoshika kutu, tii, elbo na ufundi wa siku moja na nusu, ilifika kama 211,000.

Kazi aliifanya kijana mmoja, fundi wa tatu, na huyu ningempa nyota tano. Kabla hajagusa kitu alisema, "Mama, piga picha kila kona kwanza. Nikishakata, hata mimi sitakumbuka." Tulitaka kuutumia mpira wa zamani kuvutia mpya nyuma ya ukuta, ukakatikia humohumo, ikabidi tuvue vipande kwa waya. Ncha za mpira mpya alizichovya kwenye maji ya moto ya chupa ya chai, zikalainika, zikavaa viungio bila grisi. Na kwenye pampu alinikatalia katani. Sisi watu wa mkonge tukiona katani kwenye nyuzi za bomba tunatulia roho, kumbe ikilowa inavimba, na nyuzi za plastiki zinaweza kupasuka. Aliweka washa ya mpira, akakaza kwa mkono, basi.

Tangi la lita 60 tulilitia robo kikombe cha jiki, tukaacha usiku kucha kwenye mabomba, kisha tukamwaga na kusuuza hadi harufu ikaisha. Usiku uliofuata pampu ilizima saa tatu na haikuwaka tena mpaka nilipofungua bomba alfajiri kuchukua udhu.

Nyota iliyopotea sasa. Baada ya kupanda Amani kwa ile njia ya mashimo, klipu mbili zilikuwa zinadondosha. Mpira ni laini, unabonyea chini ya klipu, kwa hiyo lazima uzikaze tena baada ya wiki ya kwanza. Hilo hakuna aliyeniambia dukani. La pili, mpira huu unapitisha mwanga. Kipande kilicho karibu na dirisha kilianza ukijani ndani baada ya miezi miwili. Nimekibadilisha na kukizungushia tepu nyeusi. Ingekuwepo roli nyeusi ya maji ya kunywa hapa Tanga ningelipa hata mara mbili.

Mita mbili zilizobaki nimezihifadhi chini ya kitanda cha gari, pamoja na klipu nne na bisibisi. Jirani ameshaziulizia mara mbili. Siziuzi.