TAHADHARI: Muuzaji wa "kifurushi kamili" cha samaki wa mapambo hapa Dar

Wakuu, kama una mpango wa kuweka tangi la samaki sebuleni, soma hii kabla hujatuma hela. Kuna jamaa anauza samaki wa mapambo mtandaoni. Anasema yuko Kariakoo, lakini ukiomba uende dukani anakwambia leo wanafanya usafi, kesho mzigo bado uko bandarini. Kila kitu kinakuja kwa bodaboda. Jina la ukurasa wake siliandiki kwa sababu analibadilisha kila akianza kutukanwa kwenye maoni. Mbinu ndiyo haibadiliki, kwa hiyo mtamtambua kwa mbinu.

Anachouza anakiita "kifurushi kamili": tangi la lita 40, pampu ya hewa, mawe ya rangi, kichupa cha dawa, na samaki kumi na kitu wa aina mbalimbali. "Wote wanaelewana, boss, na hawakui." Unatuma nusu, nusu nyingine unamalizia mzigo ukifika.

Jirani yangu Tabata aliwanunulia watoto, akaniita baada ya maji kuanza kunuka. Nafuga samaki muda mrefu, na nilipoinama kwenye kile kioo nilishindwa niseme nini. Humo ndani kulikuwa na goldifishi wawili, oska wawili wadogo kama kidole, beta (samaki wa mapezi marefu) wawili na wote madume, gapi waliobaki (vile visamaki vidogo vya mkia wa rangi), "papa" wawili na pleko mmoja "wa kusafisha tangi". Oska mmoja alikuwa na mkia wa gapi umetokeza mdomoni, bado unachezacheza. Beta mmoja mapezi yamebaki nyuzi tupu, kajibana kwenye kona nyuma ya bomba la hewa. Goldifishi walikuwa juu wanahema.

Tuanze na huyo oska. Ni samaki wa Amerika Kusini, anauzwa akiwa mdogo na mzuri, lakini anafika sentimita 30, na chochote kinachoingia mdomoni mwake ni chakula. Kumweka na gapi maana yake umenunua gapi kwa ajili ya kumlisha yeye. Beta madume wawili kwenye tangi moja watapigana mpaka mmoja afe, hilo linajulikana hata kwa watoto wanaofuga. Goldifishi anapenda maji ya ubaridi, nyuzi 18 mpaka 22 hivi, na anachafua maji kupita kiasi. Kwenye joto la Dar, maji yakifika nyuzi 30, oksijeni inapungua, ndiyo maana unamwona anapanda juu kuhema. Pleko kweli anakula ukoga akiwa mdogo. Aina wanayotuuzia huku inapita sentimita 30, na kinyesi chake peke yake kinalishinda tangi la lita 40.

Sasa hao "papa". Siyo papa hata kidogo. Ni pangasi, jamii ya kambale kutoka mto Mekong, yule yule anayefugwa Vietnam na minofu yake kuuzwa nchi nyingi ikiwa imegandishwa. Akikua vizuri anapita mita moja. Ni samaki mwoga, akishtuka anajibamiza kwenye kioo, na wa jirani alikuwa ana kidonda puani tayari. Mtu anayekuuzia huyo kwa ajili ya lita 40 anajua anachofanya.

Na hapa ndipo ninapotaka mnielewe. Wengine watasema jamaa hajui samaki, tumsamehe. Anajua. Jirani alipomlalamikia, jibu lilikuja dakika hiyo hiyo: "Dada yangu, unawalisha sana hao. Nikuletee wengine, nakupunguzia bei." Nilipouliza kwenye kundi letu la wafugaji, wakajitokeza watu wa Kimara na Kigamboni wenye mchanganyiko ule ule, na jibu lile lile la kulisha sana, neno kwa neno. Samaki wakipatana na wakaishi, wewe huna sababu ya kurudi kwake. Wakiuana, unarudi. Biashara yake iko hapo. Ukidai hela badala ya samaki wengine, unakula bloku.

Ile kauli ya "hawakui, wanafuata ukubwa wa tangi" mtaisikia kwa wauzaji wengi, siyo yeye tu. Ni uongo. Samaki anayebanwa anadumaa kwa sababu ya maji machafu na msongo, viungo vinaharibika, anakufa mapema kuliko umri wake. Goldifishi akitunzwa anaishi miaka zaidi ya kumi. Ukisikia mtu anasema goldifishi ni wa miezi mitatu, ujue waliomfia ni wengi.

Kichupa cha dawa hakina lebo. Maelekezo yake: tia vifuniko viwili, mwaga samaki hapo hapo. Tangi jipya halina bakteria wa kugeuza amonia ya kinyesi kuwa nitraiti, halafu nitreti isiyo na sumu kali. Bakteria hao huchukua wiki tatu mpaka sita kujijenga kwenye filta (chujio la maji) na mawe, na kifurushi chenyewe hata filta hakina, ni pampu ya hewa tu. Ukimwaga samaki kumi na kitu siku ya kwanza, hata wangekuwa wanapendana kama mapacha, amonia itawamaliza. Bakteria wa chupa wapo kweli, wana lebo, kampuni na tarehe ya kuisha muda. Maji ya bomba nayo yana klorini, yanahitaji dawa ya kuiondoa au uyaache wazi kwenye ndoo siku nzima kwanza.

Pia anauza samaki wa kioo, wale ambao mwili wao unaonekana mpaka ndani, wenye mstari wa rangi ya waridi au kijani mgongoni, kwa bei ya juu. Ile rangi hudungwa kwa sindano. Inafifia, na vidonda vya sindano huleta magonjwa. Usinunue hata ukipewa kwa nusu bei.

Mwenye lita 40 na anataka kitu kizuri, kwa hali ya hapa Dar mimi ningemwambia gapi madume sita, basi. Wanavumilia joto, na maji magumu ya visima vyetu hayawasumbui. Ukichanganya na majike jiandae, wanazaa kila mwezi. Au beta dume mmoja peke yake na konokono. Tetra wa neoni ni wazuri kwenye picha ila joto letu linawachosha, waachieni watu wa Arusha. Mbuna wa Ziwa Nyasa, wale wa njano na bluu, ni wetu na wanapendeza sana, lakini ni wagomvi na wanataka lita 200 kwenda juu.

Kabla hujanunua kwa yeyote, muulize anakua sentimita ngapi na anakula nini, halafu omba umwone akila. Muuzaji wa kweli atakuuliza na yeye: tangi lako lita ngapi, lina muda gani, una samaki gani wengine. Jamaa huyu hakumuuliza jirani hata swali moja zaidi ya "upo wapi nikutumie boda".

Kwa mliokwisha kupigwa: oska, pleko na pangasi msiwamwage mtoni wala bwawani, hata kwa huruma. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na furu, samaki wadogo wa asili wa humo, wa aina nyingi wakatoweka. Nitumieni ujumbe, kuna wenye matangi makubwa watawachukua bure. Meseji za muamala, picha za samaki na mazungumzo ya WhatsApp msifute. Namba iliyopokea hela ripotini TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kupitia 15040, na aliyetuma hela nyingi aende polisi na karatasi zake. Watu wa Kimara tayari wanakusanya zao, anayetaka kuungana nao aandike hapa chini amelipa lini na kwa mtandao gani wa simu, namba yenyewe aitume faragha.