Joka la Sikukuu: msipande, ila kama ami yupo

"Kama unaogopa si ungebaki nyumbani?"

Hayo ndiyo maneno niliyoambiwa na kijana wa pale, mbele ya wanangu na foleni nzima, nami nimeshalipa pesa yangu taslimu. Naandika sasa hivi kabla hasira haijapoa.

Nawazungumzia hawa jamaa wanaokuja na mabembea yao hapa mjini Unguja msimu wa Sikukuu. Jina lao silitaji, waliopeleka watoto wanawajua. Yale ya kuzunguka sina neno nayo, wala vile vigari vya kugongana. Neno langu ni lile joka la kijani, kitreni kile kinachopanda kilima, kikateremka, kikakata kona na kurudi kilipotoka. Tiketi elfu tatu, mkubwa na mdogo bei moja, sijui kwa sheria gani.

Magharibi ile kulikuwa na rasharasha. Tukakaa, chuma cha mapajani kikashushwa (cha watoto walikitikisa kidogo, changu hakuna aliyekigusa), joka likaondoka. Katikati ya kilima likasita. Chini nasikia mpira unasugua, fyuu, fyuu, na harufu ya mpira unaoungua imetujaa puani. Halafu likaanza kurudi nyuma. Taratibu, lakini linarudi. Nasra kanining'inia shingoni mpaka ushungi umenitoka. Mie masikio yote yako chini, nasikiliza kama nitasikia ta-ta-ta-ta. Wapi!

Waliowahi kupanda makubwa watanielewa. Mengi kati ya hayo hupandishwa kilima kwa mnyororo, na chini ya behewa pana kulabu inayoruka juu ya meno ya chuma yaliyopangwa njia nzima. Ndiyo ile ta-ta-ta. Mnyororo ukikatika, kulabu inang'ata jino, na treni hairudi nyuma hata ikitaka. Hapa kulikuwa na fyuu tu.

Wakaja vijana watatu mbio na kandambili zao, wakaparamia reli, wakatusukuma kama hamali wa Darajani na gari lake. Jamani! Yule Mmarekani LaMarcus Thompson alipofungua treni yake ya kuteremka vilima Coney Island, New York, mwaka 1884, nauli senti 5, ilikuwa hivyo hivyo: ikifika mwisho, wahudumu wanalisukuma behewa mpaka juu ili lipate mteremko wa kurudia. Lakini abiria walikuwa wanashushwa kwanza! Sisi tumesukumwa tukiwa tumekaa, na mmoja wao anacheka.

Kuteremka sina ubishi, liliteremka vizuri. Huko kazi ni ya uzito wenyewe, hakuna mota ya kuharibika. Nasra akaacha kulia akaanza kuchekelea, akasema tena mama, tena. Ndio tunakaribia pale pa kushukia na naona kabisa mwendo haupungui. Behewa la mbele likapita. La pili likapita. Waliokuwa wanangoja zamu wakaruka nyuma. Ndipo mzee mmoja wa kofia ya viua alipochupa kitini, akampiga kikumbo kijana aliyesimama kwenye breki, akauvuta ule mkono wa chuma kwa uzito wake wote. Kiiiii. Tukasimama, mkia ndio uliobaki kituoni.

Na huyo kijana wa breki alikuwa anafanya nini? Yuko na simu. Nikamuuliza kwa adabu kabisa, wallahi kwa adabu, mbona hukuvuta? Ndiye aliyenijibu ningebaki nyumbani.

Niogope nini mie? Nilipokwenda kumtembelea kaka yangu Abu Dhabi alinipandisha joka lao la Formula Rossa, pale kwenye bustani ya michezo ya Ferrari World. Unavishwa miwani ya kuziba macho, unafyatuliwa mpaka kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde 5 hivi. Mnyororo hauna kazi pale mwanzo: gesi ya naitrojeni iliyobanwa inayasukuma mafuta, mafuta yanazungusha pipa, pipa linakunja waya, na waya ndio unaokuvuta. Nilipiga ukelele mpaka sauti ikakauka. Lakini roho ilikuwa imetulia, kwa sababu treni kubwa za siku hizi hazisimami kwa hisani ya mtu. Bamba la shaba au aluminiamu linapita katikati ya sumaku bila kugusana nazo, na mwendo unaliwa hapo hapo. Umeme ukikatika, na wa kwetu tunaujua, sumaku haizimiki. Breki za kubana zinazomalizia mwendo, nazo mara nyingi hewa ndiyo inayoziachanisha. Hewa ikivuja zinafumba zenyewe. Pale kwetu ni kinyume: mtu asipovuta, hakuna breki.

Sisemi breki ya mkono haifai kabisa. Luna Park ya Melbourne, Australia, ina treni ya tangu 1912 ambayo mtu wa breki husimama humo humo kati ya abiria, anaipunguza kwa mikono yake. Lakini huyo yumo ndani. Akizembea, anakwenda nao. Huyu wetu amesimama nje na simu yake.

Nikamfuata yule mzee. Nikamwambia, ami, shikamoo, ahsante, lakini hili joka mbona halina ta-ta-ta? Akajibu, "Hili la mipira, mwanangu, halina meno. Mipira inabana ubapa huu hapa chini ndiyo inausukuma. Ikirowa inateleza. Nimewaambia mvua ikianza lisimame, tupanguse kwanza. Wanasema Sikukuu haiji kila siku." Akaniinamisha nizione pedi za breki: nene, mpya, kila nati ina pini yake, grisi imepakwa panapotakiwa tu, kwenye pedi hakuna hata tone. Mkononi ana tambara jeupe, anafuta huku anazungumza. Hapo nikalainika kidogo. Nikasema basi, chombo kina mwenyewe, tatizo ni hawa waliomweka kando kwenye kiti cha plastiki na kumpa mtoto breki.

Ningeishia hapo ningewapa alama za kati. Nikarudi dirishani kudai angalau nusu ya pesa yangu, maana nilikata tiketi ya kuendeshwa, sio ya kusukumwa. Bibi wa tiketi hakuinua hata uso. "Si umefika?" Nimefika! Ndio kipimo chao hicho. Ukishuka na miguu yako miwili, huna dai. Basi alama zote nimezifuta, na msikanyage pale, wala msipeleke mtoto wa mtu.

Ila Nasra keshaanza kuulizia Sikukuu ya Mfunguo Tatu, na kawaambia wenzake skuli kuwa joka "lilikataa kusimama", anaringa nalo. Nitakwenda kwanza mwenyewe nichungulie. Kama mvua hakuna na ami ndiye aliyeshika breki, nitalipa elfu tatu zao. Nikimkuta yule wa simu, tutakula urojo Forodhani tukalale.