Vipimo vya mimba vya famasi: kipi ununue kwanza

Vipimo vyote vya mimba vinavyouzwa famasi na maduka ya dawa muhimu, iwe Mbagala au Mbezi, vinatafuta kitu kimoja kwenye mkojo: homoni ya hCG. Mwili huanza kutengeneza homoni hiyo pale mimba inapojishika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, siku 6 hadi 12 baada ya yai kutoka, na kiasi chake hukaribia kuwa maradufu kila siku 2 au 3. Ndiyo maana siku unayopima ina uzito kuliko bei uliyolipa.

Namba moja ni kijiti cha kuchovya, kile chembamba cha bei ya chini kabisa. Nunua viwili, kwa sababu cha pili utakihitaji. Kwenye pakiti tafuta maandishi 25 mIU/ml, yaani kiasi kidogo zaidi cha hCG ambacho kipimo kinaweza kukiona: kiwango hicho kinatosha kuanzia siku ya kwanza ya kuchelewa hedhi. Vya 10 mIU/ml huona mapema kidogo, lakini mwenye subira ya siku 3 havihitaji.

Namba mbili ni kile cha plastiki chenye kitundu na kidondoshea mkojo, matone 3 au kadiri karatasi yake inavyosema. Kinamfaa mwenye mkono wa haraka, maana kijiti kikizamishwa kupita alama ya MAX hulowa kupita kiasi na kuharibika.

Namba tatu ni cha kukojolea moja kwa moja. Hakihitaji kopo, ila wengi hukilowanisha upande usiotakiwa. Cha mwisho ni cha dijitali, kinachoandika jibu kwa maneno. Ndani yake kuna kijiti kilekile, na hapa unalipia betri na kioo. Kinafaa tu kwa anayehangaika kusoma mistari.

Chumvi, sukari na dawa ya meno, ambavyo wengine hupimia mimba nyumbani, havimo kwenye orodha hii. Dawa ya meno hutoa povu kwa sababu chokaa iliyomo hukutana na asidi ya mkojo, na hata mkojo wa mwanamume huifanya itoe povu.

Kabla hujalipa, bonyeza pakiti kwa vidole. Isivuje hewa, na tarehe ya mwisho isomeke. Joto la Dar ni adui mkubwa: vipimo vingi vinatakiwa kukaa chini ya nyuzi 30, kwa hiyo kilichopangwa kwenye meza juani Kariakoo, au kilichokaa wiki nzima ndani ya gari, usikiamini. Unyevu nao hukiharibu, ndiyo sababu ndani kuna kile kifuko kidogo cha kukausha. Fungua pale tu mkojo uko tayari.

Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, au uliobanwa kwa muda wa saa nne, bila kunywa maji mengi kabla. Kopo liwe safi na lisiwe na mabaki ya sabuni. Chovya kwa sekunde zilizoandikwa, kilaze, weka saa. Soma kati ya dakika 3 na 5. Mstari wa C, unaoonyesha kipimo kinafanya kazi, lazima utokee, la sivyo kipimo kimeharibika. Mstari wa T, ule wa jibu, ukitokea ndani ya muda huo ukiwa na rangi, hata umefifia, hesabu ni mimba, na rudia baada ya siku 2. Uliojitokeza baada ya dakika 10, wa kijivu kama kivuli, ni mkojo umekauka tu. Wengi wamelia au kushangilia bure kwa ajili ya kivuli hicho.

Ikisema hakuna na hedhi haijaja, rudia baada ya siku 3 hadi wiki. Mwenye mzunguko usioeleweka, au aliyeacha sindano ya uzazi wa mpango, ahesabu siku 21 tangu tendo la mwisho lisilo na kinga. Antibayotiki, panado na vidonge vya uzazi wa mpango havibadilishi jibu. Sindano za hCG za kutafuta mtoto, au mimba iliyotoka wiki chache zilizopita, zinaweza kuleta mistari miwili.

Dalili peke yake hazitoshi. Matiti kuuma, uchovu na kukojoa mara kwa mara huja pia hedhi ikikaribia, na kichefuchefu kwa kawaida huanza wiki ya 5 au 6 ya mimba, huku watu wakidhani ni malaria au UTI. Kama unahisi una mimba, mwambie muuzaji kabla hajakupa dawa yoyote.

Mistari miwili ikithibitika, anza folic acid (vidonge vya vitamini) na uende kliniki kabla ya wiki 12. Lakini kipimo hakisemi mimba imekaa wapi. Maumivu makali upande mmoja wa tumbo, damu, kizunguzungu au maumivu ya bega huweza kuashiria mimba iliyo nje ya mfuko wa uzazi. Usisubiri kupambazuke: nenda usiku huohuo Amana, Temeke, Mwananyamala au hospitali yoyote iliyo karibu, na ukifika sema kwanza kwamba kipimo kimeonyesha mimba.