Swichi ya mtandao kwa ofisi ndogo: ipi ununue, ukitazama chipu inavyokabili msongamano

Anayeingia dukani Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta swichi ya poti nane, yaani kifaa cha kuunganisha kompyuta na simu za ofisi chenye matundu nane ya kebo, atakuta maboksi yanayofanana mno, na karibu yote yenye kasi ya gigabiti yanajinadi kwa namba ileile ya uwezo: gigabiti 16 kwa sekunde. Namba hiyo ni ya kweli, ila haimsaidii mnunuzi kuchagua. Poti nane za gigabiti moja moja, zikipokea na kutuma kwa pamoja, hufikisha 16, na chipu za siku hizi, hata za bei ya chini, huumudu mzigo huo. Tofauti huonekana pale poti mbili au tatu zinapotaka kutolea data kwenye poti moja, kwa kuwa poti hiyo ya kutokea ina gigabiti moja tu, hata uwezo wa ndani ukiwa mkubwa namna gani.

Fremu, yaani kifurushi kimoja cha data, inapoingia, chipu husoma anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa) ya inakokwenda, huitafuta kwenye jedwali lake, kisha huipanga kwenye foleni ya poti husika. Foleni hizo hukaa katika kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya chipu yenyewe, ambayo mafundi huiita bafa. Kwenye swichi za kawaida za poti nane, bafa ya megabiti 1.5, yaani kilobaiti 192, si jambo la ajabu. Humo zinaenea fremu kubwa zipatazo 128, na zikitoka kwa kasi ya gigabiti moja, bafa nzima huwa tupu ndani ya milisekunde moja na nusu. Ikijaa, fremu inayofuata hutupwa. Kutupwa huko peke yake si ubovu, kwa sababu TCP, utaratibu unaosafirisha data kama mafaili, huchukulia upotevu kama ishara ya kupunguza mwendo, kisha hutuma upya kilichopotea. Wanaoumia ni simu za mtandao, ambazo sauti yake husafiri kwa UDP, utaratibu usiotuma upya: sauti iliyopotea hairudi, na hata ingerudi ingekuwa imekwishachelewa. Ndiyo maana mtu mmoja hunakili faili lake hadi mwisho bila kuona tatizo lolote, huku mwenzake wa meza ya pili akisema "haloo, haloo" kwenye simu.

Kwa sababu hiyo, nafasi ya kwanza naipa swichi ya gigabiti ya kupangiliwa kiasi, ile yenye ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kwa kivinjari. Bei yake huzidi ile ya kuchomeka tu, isiyo na mipangilio, lakini humpa mwenye ofisi mamlaka juu ya foleni. Kila poti huwa na foleni kadhaa, kwa kawaida nne au nane, na chipu huamua fremu iingie ipi kwa kusoma alama ya kipaumbele: biti tatu za 802.1p zenye ngazi nane, au alama ya DSCP iliyo kwenye pakiti ya IP, data inayobebwa ndani ya fremu. Simu nyingi za mezani za mtandao huweka DSCP 46 kwenye sauti, hivyo kazi ya mnunuzi ni kuiambia swichi iiheshimu alama hiyo. Atakutana na chaguo la namna ya kutoa foleni. Kipaumbele kamili humaliza foleni ya juu kabla ya kugusa ya chini, nacho hufaa kwa sauti kwa kuwa sauti ni nyembamba, kama kilobiti 100 kwa sekunde kwa simu moja. Mtu akiipa video ya kamera kipaumbele hichohicho, kompyuta za uhasibu zinaweza kukosa zamu. Kwa mizigo mizito inafaa zamu za uzito, ambapo kila foleni hupata sehemu yake.

Swichi ya aina hii pia mara nyingi huja na kinga ya mzunguko, na hiyo peke yake yaweza kulipa tofauti ya bei. Mtu akichomeka ncha zote mbili za kebo moja kwenye swichi ileile, fremu za matangazo, yaani zinazopelekwa kwa vifaa vyote, huzunguka bila kikomo, kwa sababu fremu ya Ethaneti haina kihesabu cha kuimaliza. Dalili yake haifichiki: taa za poti zote humeta kwa pamoja, kwa kasi, na mtandao wote hulala. Swichi yenye kinga huifunga poti husika. Isiyo nayo husubiri mtu aikute ile kebo.

Nafasi ya pili ni swichi ya PoE, inayopeleka umeme kwenye kifaa kwa kebo ileile ya mtandao, na kwa mwenye kamera za ulinzi nyingi inapanda kuwa ya kwanza. Hapa sharti ni moja: poti ya kuelekea kwenye kinasa, kifaa kinachohifadhi video za kamera, iwe ya gigabiti, hata kama poti za kamera ni za megabiti 100. Kamera 16 za megabiti 4 kila moja hufanya wastani wa 64, na muuzaji atasema megabiti 100 zinatosha. Wastani unadanganya. Kamera haitumi kwa mwendo sawa. Kila baada ya muda mfupi hutuma picha kamili, nzito kuliko mabadiliko madogo yanayofuata, na kamera kadhaa zikituma picha kamili kwa wakati mmoja, foleni ya poti ya megabiti 100 hujaa mara moja na picha huonyesha vipande vya mraba. Angalia pia jumla ya wati: kiwango cha PoE cha 802.3af ni wati 15.4 kwa poti, lakini swichi nyingi za poti nane haziwezi kuzilisha zote nane kwa kiwango hicho kwa pamoja.

Ya tatu ni swichi ya gigabiti ya kuchomeka tu, ambayo kwa nyumba au ofisi ya kompyuta tano inatosha kabisa. Kasoro yake kubwa ni kwamba udhibiti wa mtiririko wa 802.3x, uliokubaliwa mwaka 1997, aghalabu umewashwa na hauna pa kuzimwa. Bafa ikikaribia kujaa, chipu hutuma fremu ya kusimamisha, nayo husimamisha poti nzima bila kuchagua: kompyuta inayonakili faili kwenda printa ya polepole huzuiwa hata kutuma kwenye seva yenye nafasi. Agizo moja kwenye poti ya gigabiti laweza kusimamisha hadi kama milisekunde 33.

Swichi za gigabiti 2.5 naziweka ya nne. Zina maana pale tu seva na kompyuta zote zina kasi hiyo. Seva ya 2.5 ikimtumia mtu wa gigabiti moja, bafa ndogo ndiyo inayobeba tofauti, na haibebi kwa muda mrefu. Swichi kubwa za mtumba kutoka ofisi za nje zina chipu bora, ila feni zake hupiga kelele na umeme zinakula. Ni za chumba cha seva. Za megabiti 100 tupu ziacheni dukani.

Yeyote anayetaka kuharakisha intaneti asinunue swichi. Laini ya megabiti 20 huziba kwenye rauta, kifaa kinachounganisha ofisi na intaneti, na foleni za kupangilia huko ziko kwenye rauta hiyo.

Kabla ya kulipa, omba kuchomeka kompyuta na utazame kasi ya kiungo. Ikisoma 100 badala ya 1000, kwanza badilisha kebo, kwani gigabiti inahitaji nyaya zote nane na kebo nyingi za mitaani zimeunganishwa nne. Kisha geuza swichi usome namba ya toleo chini yake, na utafute vipimo vya toleo hilohilo kwenye tovuti ya mtengenezaji, maana chipu yaweza kubadilishwa ndani huku jina la modeli likibaki lilelile.