Patasi za kabaidi kwa kukereza kalamu: zinafaa mbao za Pwani?

Mbao za Pwani zinakula makali. Mvule huficha vijiwe vya chokaa ndani ya mti, msaji una silika, na mnazi una nyuzi nyeusi ngumu zilizopita katikati ya nyama laini. Patasi ya HSS (chuma cha kawaida cha patasi za kukereza) iliyonolewa vizuri ikikutana na kijiwe kimoja cha mvule, pale pale inaanza kukwaruza badala ya kukata, na kazi inasimama hadi inolewe upya. Kwa fundi wa Mombasa anayekereza kalamu za mbao hizi kwa mkupuo, hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutafuta patasi za kabaidi, zenye kijembe kidogo kigumu kuliko chuma. Patasi moja tunaipendekeza bila kusita. Seti nzima ya tatu, hapana.

Seti hizo huja na kijembe cha mraba, cha duara na cha umbo la almasi, kila kimoja kimefungwa kwa skrubu kwenye fimbo yake ya chuma. Kalamu ni kitu chembamba, karibu kimenyooka, na kijembe cha mraba kinamaliza kazi yote: kuondoa pembe za kipande cha mm 19, kunyoosha, kisha kulainisha. Cha duara kazi yake hasa ni mabakuli na mikunjo ya ndani. Kwenye kalamu huacha mawimbi madogo ambayo msasa utateseka kuyaondoa. Cha almasi huchora mifereji ya mapambo, basi. Pesa za patasi hizo mbili zinunulie vijembe vya akiba, maana bidhaa hizi kwa kawaida huagizwa kutoka nje na ushuru wa forodha na VAT ya 16% hukusubiri mlangoni.

Kwenye kijembe chenyewe, angalia pembe. Chenye pembe kali kabisa huchora mstari kila unapokisogeza, na mistari hiyo huonekana vibaya baada ya vanishi. Chagua chenye pembe zilizoviringwa kidogo, na ikiwezekana upande wake uwe umebinuka kwa kiasi ambacho jicho halikioni vizuri hadi ukiweke juu ya rula. Vijembe vya randa kubwa za karakana za samani, vile vya mraba wa mm 14 au 15, vinaweza kufungika pia, mradi tundu, unene na mteremko wa makali vilingane na vya patasi yako. Chuma cha fimbo kisitokeze mbele ya makali hata kwa unene wa karatasi. Kikitokeza kitasugua mbao, na utadhani kijembe kimekufa.

Fimbo iwe ya chuma kisichoshika kutu, mraba wa mm 10 hadi 12, na tumbo lake liwe bapa. Hewa ya chumvi ya hapa haina huruma na chuma cha kawaida.

Sasa matumizi, na hapa ndipo wengi wanaotoka kwenye bobari, patasi yenye makali ya mviringo, wanapokosea. Bobari unaishika mpini ukiwa chini, makali yakipanda juu ya mbao. Kabaidi ya kijembe bapa inataka kinyume: fimbo ilale sawasawa, mpini usishuke, na uso wa juu wa kijembe uwe kwenye kimo cha katikati ya mbao. Kwa hiyo kiegemeo, kile patasi inacholalia, lazima kishushwe, mara nyingi karibu unene mzima wa fimbo chini ya katikati. Namna rahisi ya kupima: kabla hujawasha mashine, isogeze patasi hadi kwenye ile ncha inayozunguka upande wa nyuma, makali yaelekee pale ncha hiyo inapochongoka, si juu yake wala chini. Kisha sogeza kiegemeo hadi kibaki nafasi ya mm 3 hadi 5 kutoka kwenye mbao, uizungushe kwa mkono mzunguko mzima kuhakikisha pembe hazigongi. Mpini ukishuka, makali yanatazama juu, yananasa nyuzi na kung'oa kibanzi kizima hadi kwenye bomba la shaba lililogandishwa ndani ya mbao.

Anza raundi 1,500 hadi 2,000 kwa dakika mpaka pembe ziishe, kisha panda hadi 2,500 au 3,000. Kila mpito usizidi nusu milimita, na tumia sehemu ndogo ya makali, si upande wote kwa pamoja. Kwenye miisho, kata kutoka mwishoni kuelekea katikati. Ukikata kuelekea nje, kipande cha mwisho huruka. Kalamu nyembamba ya bomba la mm 7 hubaki na mbao pungufu ya milimita moja pale mwishoni, kwa hiyo hakuna nafasi ya kurekebisha. Bushi za chuma, zile pete za miishoni zinazoonyesha kipimo cha kalamu, usiziguse kamwe: zitapoteza kipimo chao, nazo zitavunja makali. Simama mbao ikiwa juu ya bushi kwa unene wa kucha, na msasa umalize.

Kalamu ikitoka yai badala ya duara, usilaumu patasi. Nati ya mandreli, ufito unaoshika mbao kwenye mashine, imekazwa mno na ufito umepinda. Ikaze kwa vidole tu.

Kwenye mvule na msaji matokeo ni mazuri sana. Kijiwe cha mvule unakisikia kikigonga, lakini makali yanaendelea. Mpingo unafurahisha kuliko mbao zote: hutoka vumbi na nyuzi fupi nyeusi, uso ukiwa tayari unang'aa kabla ya msasa, kiasi kwamba unaweza kuanzia msasa namba 320. Una mafuta lakini, hivyo futa tundu lake kwa asetoni kabla ya kugandisha bomba, la sivyo gundi haitashika na mbao itazunguka peke yake kijembe kikigusa. Usiuache upate joto kwenye msasa, hupasuka nyufa nyembamba kama nywele. Na vaa barakoa. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kubana kifua. Mabaki yanayotosha kalamu yanapatikana kwa wachongaji, Changamwe ikiwa mahali pa kwanza pa kuuliza.

Mnazi ndio unaofichua udhaifu wa kabaidi. Kijembe bapa kinakwangua zaidi kuliko kinavyokata, na nyama laini kati ya zile nyuzi nyeusi hung'oka, ikiacha vishimo. Vivyo hivyo mwembe wenye michoro ya ukungu. Dawa ni supaglu nyepesi: inyunyize ikibaki kama milimita moja, iache ikauke kabisa, geuza kijembe upande mpya, kisha maliza kwa mipito ya kugusa tu. Hata hivyo anza msasa namba 180, si 320. Mwenye mkono mzuri wa patasi ya mshazari ya HSS iliyotoka kunolewa atapata uso safi zaidi hapa, na tunaona mpito wa mwisho kwenye mnazi ni halali yake.

Kwa akriliki, nunua kijembe ambacho uso wake wa juu umeshushwa mteremko kuelekea makali. Easy Wood Tools ya Marekani ni kati ya wanaovitengeneza. Hakinasi, na akriliki hutoka utepe mrefu. Ukiona unga mweupe na vipande vinavyoruka, makali yameisha au unasukuma kwa nguvu. Utepe ukijiviringisha kwenye mandreli, zima mashine kwanza ndipo uutoe.

Kuhusu makali: mraba una pande nne. Ukianza kusukuma zaidi ya kawaida, au mbao isiyo mpingo ikitoa vumbi badala ya vinyoleo, geuza. Kabla ya kufunga tena, pangusa kiti cha kijembe kwa brashi, kwani chembe moja ya mbao ikibaki chini yake kijembe kinakaa upande na skrubu inakipasua. Kabaidi ni chembe za tangsteni na kaboni zilizoshikwa na kobalti, ngumu kuliko chuma chochote cha patasi, ila inavunjika kama kigae. Ikidondoka kwenye sakafu ya saruji, kona imekwenda. Kaza skrubu hadi ishike, robo zunguko zaidi, usiongeze.

Pande zote nne zikiisha usikitupe. Kilaze uso wa juu chini, kwenye bamba la almasi namba 600 lenye maji kidogo, usugue kwa mwendo wa duara hadi uso mzima ung'ae sawasawa, kisha umalizie kwa 1200. Mteremko wa pembeni usiuguse. Jiwe la kijivu la mashine ya kunolea halifanyi kitu kwenye kabaidi, linapoteza umbo lake tu. Ile skrubu ya kichwa cha nyota uitoe mara kwa mara na kuipaka mafuta hata kama hujageuza kijembe, kwani kwa unyevu wa Mombasa hushika kutu ndani ya tundu lake, na kichwa chake kikiliwa na bisibisi itabidi uitoboe kwa keekee.