Fast Startup ya Windows kwa kompyuta ya nyumbani Mtwara: nyota mbili kati ya tano

Umeiamuru kompyuta izime, skrini imekuwa nyeusi, lakini feni inavuma na taa ya mbele inawaka. Kwa mafundi wengi dawa ni kupiga Windows upya. Tafadhali usikubali haraka. Anza na Fast Startup, mpangilio wa kuharakisha kuwaka uliokuja na Windows 8 mwaka 2012. Kwenye Windows 10 na 11 kwa kawaida unaikuta imeshawashwa.

Kazi yake ni hii: ukibofya Shut down, Windows inafunga programu zako na kukutoa kwenye akaunti, ila haifungi kiini cha mfumo wala draiva (programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta). Inaandika hali yake kwenye faili la hiberfil.sys ndani ya diski C, na ukiwasha inalisoma. Matokeo yake, draiva iliyokwama jana inaamka leo ikiwa imekwama vilevile. Restart haipiti njia hiyo. Inafunga kila kitu. Basi kama Restart inakwenda vizuri na Shut down inagoma, mshukiwa umempata. Hakikisha kwa kushikilia Shift huku ukibofya Shut down: mashine itazima kabisa kwa mara hiyo moja. Pia fungua Task Manager, Performance, kisha CPU. Ukikuta Up time ya siku nane kwenye kompyuta inayozimwa kila usiku, kiini hakijawahi kufungwa siku zote hizo.

Sifa yake ipo. Kwenye diski ya kizamani inayozunguka, kuwaka kunaharakika waziwazi. Kwenye SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) faida ni ndogo mno, na hapo sioni sababu ya kuibakiza.

Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS (kifaa cha akiba ya umeme), iwe Ligula, Chikongola au Mikindani, hasara inazidi. Skrini inazimika kabla diski haijamaliza kuandika. Mtu anadhani kazi imeisha, anazima swichi ya ukutani. Au umeme unakatika wenyewe. Data inabaki nusunusu, na siku inayofuata unakutana na ukaguzi wa diski au mashine inayochelewa kuwaka. Fundi akitoa diski hiyo na kuichomeka kwenye mashine inayotumia Linux (mfumo mwingine badala ya Windows), huenda ikakubali kusomwa tu, isiandikwe, kwa sababu Windows bado inahesabika kuwa imelala.

Kuizima Fast Startup hakuna gharama. Ingia Control Panel, Power Options, "Choose what the power buttons do", kisha "Change settings that are currently unavailable". Toa tiki kwenye "Turn on fast startup" na uhifadhi. Njia fupi ni kufungua Command Prompt kama msimamizi na kuandika powercfg /h off. Hiyo inafuta hiberfil.sys pia, na kwa RAM ya GB 8 unaweza kurudishiwa GB 3 hivi. Kwenye laptopu tumia njia ya tiki, maana amri hiyo inaondoa na Hibernate, ambayo inaokoa kazi yako betri inapokwisha.

Feni ikiendelea kuvuma hata baada ya hapo, chomoa printa, modemu na flashi, ujaribu tena. Ikigoma, angalia draiva ya Intel Management Engine (sehemu ya usimamizi iliyomo kwenye mashine za Intel); imewahi kuziacha laptopu nyingi zikiwa skrini nyeusi na feni inazunguka. Chukua inayolingana na modeli yako kwenye tovuti ya HP, Dell au Lenovo, si kwenye CD ya draiva mchanganyiko. Wakati mwingine toleo la zamani ndilo linaloponya.

Jambo moja linalowagharimu watu: fundi anafungua Event Viewer (daftari la matukio la Windows), anaona tukio namba 41 la Kernel-Power, anatangaza powa saplai imekufa. Namba 41 inasema tu kwamba mara iliyopita mashine haikuzimwa ipasavyo. Hata kukatika kwa umeme kunaiandika. Usinunue powa saplai kwa ushahidi huo peke yake.

Mashine ikiganda kabisa, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 4 hadi 10 badala ya kuchomoa waya. Ukiwasha, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika chkdsk C: /f (amri ya kukagua na kurekebisha diski), jibu Y, kisha Restart. Na baada ya sasisho kubwa la Windows rudi ukaangalie ile tiki, kwani huweza kujirudisha.