Volani iliyoangalia kulia: garaji ya Bel-Air iliyoninyoshea gari

Nauza mayai. Kila kazi moja, ndiyo Jumatatu kwa msomaji asiye wa Katanga, napakia plato (trei) sitini nyuma ya Toyota Fielder yangu na kushika njia ya kutoka Lubumbashi kwenda Likasi. Ni kilometa kama 120, na vipande vingi vya njia hiyo vimenyooka. Gari yenyewe ilitoka Japani, volani (usukani) iko kulia, na huku kwetu tunatembea upande wa kulia wa barabara. Mimi shofa nakaa upande wa mtaro, na mistari ya katikati siioni vizuri. Mikono yangu juu ya volani ndiyo inayoniambia kama gari imenyooka.

Tangu mvua za Januari mikono ikaanza kunidanganya. Nilikuwa nimepiga shimo lililojaa maji hapa mjini, pine (tairi) ya mbele kushoto ikalia kama debe. Toka siku ile, gari ikienda moja kwa moja, volani inaangalia kulia, kama saa inayoonyesha saa saba badala ya saa sita. Nikiinyoosha, gari inaelekea kushoto, kwa malori yanayokuja. Nilifika Likasi na mabega yanauma, na mara mbili nilikuta mayai yamepasuka upande mmoja wa mzigo kwa sababu ya kusahihisha-sahihisha njiani.

Kwanza nilikwenda garaji nyingine, ambayo sitaitaja. Kijana alifungua katikati ya volani, akatoa nati, akaivuta, akaizungusha meno mawili matatu kwenye chuma inachokaa juu yake, akairudisha. Dakika kumi, dola kumi. Volani ikanyooka. Nilirudi nyumbani nafurahi.

Furaha haikumaliza juma. Taa ya kona ilianza kuzimika vibaya: nikikata upande mmoja inajizima kabla sijamaliza, nikikata upande mwingine inabaki inawaka. Taa nyekundu ya erbagi, ule mfuko wa hewa unaomkinga shofa akigonga, ikawaka na haikuzimika tena. Na ile pine ya kushoto iliendelea kuliwa upande wa ndani hadi ikawa laini kama kitunguu. Yaani volani ilinyooshwa, gari ikabaki imepinda.

Dada yangu mdogo ndiye alinielekeza Bel-Air, kwa garaji isiyo na kibao, uwanja tu wenye mwembe na mlango wa bati. Nilifika siku ya posho, ndiyo Jumamosi, saa mbili asubuhi. Papa fundi ni mtu mzima, sauti ya chini. Kabla ya kugusa chochote aliniuliza maswali: ilianza lini, ulipiga nini, nani alishafungua volani? Nilipomwambia, alitikisa kichwa, lakini hakumsema yule kijana vibaya. Akaniambia tu: "Mama, volani njo inasema. Mugonjwa iko chini."

Akaanza kwa upepo. Pine ya mbele kushoto ilikuwa na pungufu kuliko ya kulia; akazisawazisha, kwa sababu pine yenye upepo kidogo huvuta gari upande wake, na ukipima hivyo utajidanganya. Kisha akapiga kriki (jeki), akashika pine kwa mikono miwili, kushoto na kulia, akaitikisa. Kulikuwa na mchezo, yaani ilikuwa imelegea. Akaniita niweke kidole kwenye rotili (kiungo cha mwisho) ya bieleti, kile chuma kinachogeuza pine ukikata volani, niusikie mwenyewe: tok, tok. Alipoitoa bieleti ile, aliiviringisha juu ya kipande cha kioo. Iliyonyooka inateleza, yangu ilipanda na kushuka. Lile shimo la Januari liliikunja, ikawa fupi. Kwenye gari yangu bieleti ziko nyuma ya pine, kwa hiyo ikifupika inavuta nyuma ya pine kwa ndani, na mbele yake inafunguka kwenda nje. Ndiyo sababu pine ililiwa ndani, na ndiyo sababu nilipaswa kushika volani kulia ili niende mbele. Miezi mitatu nilikuwa natafuta mtu wa kunieleza hivyo.

Baada ya kufunga bieleti mpya alihesabu mizunguko ya volani, kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia: mitatu na kidogo. Akarudi nusu kamili. Pale katikati ya kweli volani ilikuwa imelala, na hapo ndipo kosa la meno lilionekana. Alitoa waya wa batri, akasubiri (hakuna aliyeruhusiwa hata kugusa volani wakati huo, maana erbagi inaweza kulipuka), kisha akafungua na kuirudisha kwenye meno yake ya asili. Ndani alikuta soketi ya njano ya erbagi haikuingia hadi mwisho. Akaisukuma ikalia tik. Tulishukuru kwamba spirali, waya uliojiviringisha chini ya volani, haikukatika, kwa sababu hiyo ndiyo inayopeleka umeme wa erbagi na wa honi, na kuipata si rahisi.

Kazi iliyobaki niliipenda zaidi. Aliifunga volani kwa kijiti na kiti isitikisike, akanyoosha kamba mbili za nailoni, moja kila upande wa gari, akapima kwa mita ya chuma ukingo wa mbele na wa nyuma wa kila rimu, milimita kwa milimita, hadi za nyuma. Alilegeza nati za bieleti zote mbili. Alipokuwa akigeuza, kijana wake alisoma vipimo kwa sauti. Ukirekebisha upande mmoja peke yake, pine zinaweza kukaa sawa kati yao lakini volani itapinda tena. Lazima ugawe kushoto na kulia. Pale pale akaniambia ukweli mwingine: kamba haipimi ulalo wa pine, ule wa juu kuingia ndani au kutoka nje. Kwa huo alisema niende kwenye mashine, kama pine mpya zitaliwa tena.

Tulijaribu gari pamoja, tukatafuta kipande kisicho na gari nyingi tukapita katikati, kwa sababu barabara huinama pembeni ili maji yatoke, na ukipima pembeni gari itaonekana inavuta. Volani ilikaa sawa. Taa ya kona ilijizima kushoto na kulia. Ile nyekundu ilizimika.

Nililipa dola 45: 20 za bieleti na rotili yake, 25 za kazi. Hakuna fakture (ankara) iliyopigwa muhuri, aliandika kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, na mwenye kampuni anayehitaji hesabu atakwazika. Nilitoka saa nane. Hakuna kiti cha kungojea, vumbi ni jingi, na chakula ni bukari (ugali) ya mama wa jirani, ambayo ni tamu. Pine iliyoliwa nililazimika kuibadilisha mwenyewe, hakuwa nayo.

Kazi moja iliyofuata nilikwenda Likasi na plato zangu sitini. Nilifika, nikafungua mlango wa nyuma, nikahesabu. Yai moja tu lilikuwa limepasuka. Ukitaka kwenda, fika mapema: baada ya saa tatu uwanja unajaa, naye anapokea gari mbili tu kwa siku. Na usimfiche kama kuna aliyewahi kufungua volani yako.